SAUTI ILIYO NDANI YA FILAMU NI AMANA, TUSIIFUTE

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii wafanyabiashara wa pwani waijua vyema, lakini leo nataka kuitumia kwa mali ya aina nyingine, ambayo haikuandikwa katika daftari lolote, nayo yaisha kimya kimya ndani ya makabati na masanduku ya nyumba zetu. Nasema juu ya zile filamu ndogo za nyumbani, pamoja na mashine za kuzionyeshea, yaani projekta, ambazo baadhi ya jamaa walikuwa nazo katika miaka ya 1960 na 1970, kabla kaseti za video hazijaingia na kuzifukuza.

Wenye mashine hizo hawakuwa wengi, kwani kamera, filamu na projekta vyote vilikuwa vitu vya gharama. Lakini picha zenyewe hazikuwa za mtu mmoja. Anayepiga picha ya harusi ya nduguye hunasa na wageni wote waliohudhuria. Anayepiga picha ya zefe ya maulidi hunasa mtaa mzima. Hivyo filamu moja iliyo katika kabati la nyumba moja huenda ikawa na mababu wa nyumba ishirini, na hao wajukuu hawana habari.

Siku hizi mwenye nyumba akifariki, warithi hugawana vyombo, na ile projekta huwa haina mwenyewe. Mmoja asema ni chuma chakavu. Mwingine asema iuzwe kwa wanunuzi wa vitu vya kale, maana wageni hupenda kuviweka sebuleni kama pambo. Filamu zenyewe hutupwa pamoja na makopo yake. Mimi nasema hilo ni kosa, na sababu yangu si mapenzi ya vitu vya zamani. Sababu yangu ni sauti. Katika baadhi ya makopo hayo mna sauti za watu waliokwisha kututoka, na ile projekta inayodharauliwa ndiyo yaweza kuzitoa, na ndiyo hiyo hiyo yaweza kuziangamiza milele.

MASHINE ILIYOSIKIA

Kwa vijana wasiozijua mashine hizi, afadhali nieleze kidogo. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filamu ya upana wa milimita 8 mwaka 1932, ikikusudia watu wa kawaida, si mabingwa wa sinema. Mwaka 1965 ikatoa iliyoitwa Super 8, ambayo ilikuja ndani ya kibweta cha plastiki, hata mtu asiye na ujuzi akaweza kuipachika katika kamera. Kibweta kimoja kilikuwa na filamu ya mita 15 hivi. Kwa mwendo wa kawaida wa fremu 18 kwa sekunde, hiyo ni dakika 3 na sekunde 20 tu. Kwa hiyo mpigaji alifanya uchoyo. Hakupiga chochote kilichopita mbele yake kama tufanyavyo leo kwa simu, bali alichagua. Alichokipiga, alikiona ni cha maana.

Filamu hizo mwanzoni zilikuwa bubu. Watu hutembea, husalimiana, hucheka, nawe husikii neno. Ndipo ikatumika hila ya kuweka utepe mwembamba wa sumaku kandoni mwa filamu, wa rangi ya kahawia, sawa na ule ulio ndani ya kaseti ya redio. Mwaka 1973 Kodak ilileta kamera na filamu zilizonasa sauti papo hapo wakati wa kupiga picha. Lakini palikuwa na njia nyingine pia. Filamu bubu iliyokwisha kusafishwa iliweza kubandikwa utepe huo, kisha mwenyewe akaitia katika projekta yenye kurekodi, akashika maikrofoni, akawa asema huku picha zikipita ukutani. Eumig ya Austria na Elmo ya Japani zilisifika kwa mashine za namna hiyo. Baadhi yake ziliweza hata kuchanganya muziki wa santuri na maneno ya msemaji, wimbo ukashuka sauti pale anapoanza kunena.

Basi projekta ya namna hii haikuwa ya kuonyesha tu, ilikuwa pia ya kuandikia. Baba wa nyumba aliweza kuketi usiku, watoto wamelala, akaitazama harusi ya bintiye mara ya pili na ya tatu, na kutaja kwa kinywa chake: huyu ni fulani bin fulani, huyu ametoka Siu, huyu ndiye aliyekuja na jahazi. Alipaswa kukaa mbali kidogo na mashine, maana ina kelele, na katika rekodi nyingi za aina hii mlio huo husikika nyuma ya maneno kama cherehani iliyo chumba cha pili.

PICHA ISIYO NA MPOKEZI

Sisi Waislamu tuna elimu ambayo mataifa mengi hayana, nayo ni elimu ya isnadi. Wanachuoni wetu hawakukubali habari kwa sababu ni nzuri au yapendeza masikioni. Waliuliza kwanza: nani kakwambia, naye kaipokea kwa nani? Habari isiyo na mpokezi anayejulikana haikupewa nguvu.

Picha nayo ni hivyo hivyo. Filamu ikionyesha wazee sita waliovaa kanzu na kofia za viua, wameketi barazani, na pasiwe na mtu wa kuwataja, hao si babu zetu tena. Ni wazee sita tu. Mgeni atawatazama na kusema mavazi yao ni mazuri, basi. Lakini akiwako mtu wa kusema wa kwanza kulia ni nani, aliolewa nani na nani, na baraza ile ilikuwa mtaa gani, picha hurudi kuwa nasaba na historia.

Na sauti haibebi majina peke yake. Hubeba lugha. Mzee wa Lamu husema mato penye macho na ndia penye njia, na Mmvita ana yake, na Mpate ana yake. Vitabu vyaweza kuyaandika maneno hayo, lakini haviwezi kuandika jinsi yalivyotamkwa, mahali pa kuvuta na mahali pa kukata, wala namna bibi alivyomwita mjukuu kwa huruma. Watoto wetu leo wasoma Kiswahili cha shuleni, nacho ni kizuri, lakini kikibaki peke yake tutakuwa tumezika bahari na kubaki na kisima.

Faida ya sauti kubaki twaiona kwa Siti binti Saad wa Unguja. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay na wenzake, sauti yake ikatiwa katika santuri. Alifariki mwaka 1950, na mpaka leo mtu akitaka kujua alivyoimba hana haja ya kusimuliwa, atasikiliza. Waimbaji wangapi wa pwani, waume kwa wake, waliimba vizuri kabla ya hapo, na leo hatujui ila sifa zao? Tofauti baina yao na Siti si kipawa peke yake. Ni kwamba yeye alirekodiwa.

Tazama pia jambo hili. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Ngome ya Fort Jesus hapa Mombasa ikafuatia mwaka 2011. Ni heshima kubwa, nasi twashukuru. Kwa sababu hiyo ukuta wa mawe na mlango wa nakshi una watetezi wake, na mtu hawezi kuubomoa bila kuulizwa. Lakini maneno yaliyosemwa nyuma ya mlango ule hayana mtetezi ila wenye nyumba wenyewe. Serikali haiwezi kuingia katika makabati yetu, na sisi tusingependa iingie. Kazi hii ni yetu.

HATARI YA KITUFE KIMOJA

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku hizi vijana wameanza kuvipenda vitu vya zamani. Mjukuu huikuta projekta ya babu yake, akaifuta vumbi, akaitia umeme, na kuanza kubofya kila kitufe ili aone kitafanya nini. Nia yake njema, lakini vitufe vya mashine hii si vya kuchezea. Kitufe cha kurekodi kikishuka filamu inakwenda, kichwa cha kufutia hufanya kazi yake kwanza, na kila sentimita inayopita hupoteza sauti iliyokuwapo. Watengenezaji wa mashine nyingi waliweka kizuizi, ati lazima ubonyeze viwili kwa pamoja, lakini mjukuu mwenye hamu hugundua hilo upesi. Sauti ikifutika haina pa kurudi, wala hakuna fundi atakayeirudisha.

Wapo pia wenye wazo ambalo kwa juu laonekana zuri. Husema: twendeni kwa bibi aliye hai, tumwekee filamu, naye aseme majina, tumrekodi juu ya utepe ule ule kama zamani. Mimi nalipinga wazo hilo kwa nguvu zote. Kama utepe una sauti ya marehemu babu, hamtaongeza sauti ya bibi, bali mtaifuta ya babu na kuweka ya bibi mahali pake. Na kama mwadhani utepe ni mtupu, je, mmeusikiliza wote, mwanzo hadi mwisho, kwa mashine nzima na kichwa kilichosafishwa? Kichwa chenye uchafu hufanya filamu yenye maneno ionekane bubu. Tena utepe mpya hauji, kwani Kodak iliacha kutengeneza filamu ya Super 8 yenye sauti mwaka 1997. Filamu bubu za Super 8 bado zatengenezwa, lakini zile zenye utepe zilizopo ni hizo hizo.

Maneno ya bibi yarekodiwe, tena yarekodiwe upesi, lakini kwa simu, kando. Kila mtu leo ana kinasa sauti mfukoni mwake. Filamu ioneshwe, bibi aseme, simu inase, na utepe wa zamani usiguswe.

Zipo hatari nyingine ambazo mwenye filamu hana budi azijue. Filamu nyingi za wakati ule zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa katika joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo ukapata harufu hiyo, ugonjwa umekwisha kuingia, nao hauna dawa ila kuchelewesha. Utepe wa sumaku wenyewe huuharakisha. Kopo hilo litengwe na mengine, kwani mvuke wake huambukiza, nalo liwe la kwanza kunakiliwa. Pwani yetu, kwa joto lake na hewa yake ya chumvi, si rafiki wa filamu. Kabati lililo chini ya bati ni mahali pabaya kuliko pote. Afadhali chumba cha ndani, chenye kivuli na hewa kavu.

Mashine nayo isiaminiwe kwa kuwa taa yake yawaka. Ukanda wa mpira unaozungusha magurudumu hulegea au kuyeyuka kwa miaka, na filamu ikikwama mbele ya taa ya moto huungua tundu kabla hujanyanyuka kitini. Iliyoletwa kutoka Marekani huenda imewekwa kwa umeme wa volti 120, na ukuta wetu hutoa 240, kwa hiyo yapasa kutazama nyuma yake kwanza. Ijaribuni kwa filamu isiyo na thamani. Safisheni kichwa cha sauti kwa pamba na spiriti kidogo, lakini spiriti isiguse utepe. Na filamu ikikatika, msiikate ovyo ili kuiunga. Katika Super 8 sauti hutangulia picha yake kwa fremu 18, basi ukitupa kipande kilichochanika, watupa uso wa mtu mmoja na neno la wakati mwingine.

Kunakili pia kuna adabu yake. Kuielekeza simu ukutani na kupiga picha ya picha si kunakili, maana mwendo wa simu na mwendo wa filamu hautoani, na hutokea mistari myeusi inayopanda na kushuka, na sauti inayonaswa ni kelele ya mashine. Wako mafundi wenye mitambo inayosoma filamu fremu moja moja. Akikosekana, angalau sauti ichukuliwe kwa waya kutoka tundu la projekta hadi kinasa sauti, kwa mashine zilizo na tundu hilo. Nakala ziwe zaidi ya moja, ziwekwe nyumba mbalimbali. Na filamu yenyewe isitupwe baada ya hapo, kwani diski za kompyuta hufa pia, tena ghafla.

HAYA NA HESHIMA

Kuna watu ambao watasema, na wana haki ya kusema, kwamba mambo haya yaachwe yaoze. Wengine hutaja hitilafu ya wanachuoni juu ya picha. Mimi si mufti, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Wengine wana hoja nzito zaidi, nami naikubali: filamu nyingi ni za harusi, na katika harusi zetu mna wanawake waliojipamba, vichwa wazi, wakicheza mbele ya wanawake wenzao katika nyumba iliyofungwa. Walikubali kupigwa picha kwa kuamini kwamba wataonwa na jamaa. Hawakujua kwamba itakuja siku picha yaweza kufika kwa watu elfu kabla ya sala ya alasiri.

Hoja hii ni ya haki, lakini haisemi tuziache zioze. Yasema tuzilinde. Qur'ani Tukufu imetuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, na mwenye amana hapa ni yule mwanamke aliye katika filamu, na kama amefariki, ni watoto wake. Kwa hiyo filamu za upande wa wanawake zitazamwe na wanawake, na zinakiliwe na fundi mwanamke au na mmoja wa nyumba aliye maharimu wao. Zisiwekwe mitandaoni hata kidogo, hata kama picha yapendeza, hata kama aliyeiona amesifu. Aliyejistiri maisha yake yote asivuliwe na mjukuu wake baada ya kufa kwake.

Tena hapa ndipo sauti inapotusaidia. Mahali ambapo picha haifai kutoka nje, mara nyingi maelezo hufaa: nasaba, majina ya mitaa, habari za safari, hadithi ya jinsi bwana harusi alivyochelewa kwa sababu ya kusi. Hayo yaweza kuandikwa, na jamaa wakiridhia, nakala yaweza kupelekwa kwenye makumbusho yetu ya Lamu au ya Fort Jesus ili watafiti wetu wenyewe wayatumie, badala ya kungoja mgeni aje atueleze sisi ni nani.

NDIYO KAZI YA IDI

Jambo hili halingoji. Mtu aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1975 alizaliwa mwaka 1950, naye sasa amepita sabini. Hao ndio wa mwisho wanaoweza kuitazama filamu na kusema yule ni nani. Wakitutoka, tutabaki na makopo mazima na mashine nzima, na picha nzuri za watu tusiowajua.

Basi napendekeza kila ukoo wenye filamu ufanye jambo moja. Siku za Idi, jamaa wakiwa wamekusanyika kutoka Nairobi, Ghuba na Ulaya, yatolewe makopo yatazamwe, yanuswe, yahesabiwe. Ateuliwe mtu mmoja mwaminifu, si lazima awe mkubwa kwa umri, awe ndiye mwenye dhamana. Kila kopo lipewe namba, na iandikwe katika daftari ni la nani, la mwaka gani, lina sauti au halina, na nani hapaswi kulitazama. Kisha waitwe wazee, wanaume kwao na wanawake kwao, na simu iwekwe mezani kunasa wanayosema. Kitufe cha projekta cha kurekodi kifunikwe kwa kipande cha plasta, kidole cha mtoto kisikifikie.

Gharama yake ni daftari la shule, kalamu, plasta na mchana mmoja. Waliotutangulia walitumia fedha nyingi kuliko hizo kutuachia dakika 3 na sekunde 20.